Mkoba wa Kazi Thelathini na Nne

Mlezi wa chama aliponitaka niandike machache juu ya kutafuta kazi ya usanifu wa michoro, nusura nikatae. Nilijua kwamba nikianza tu, nitalazimika kusimulia jambo ambalo mpaka leo hunitia haya.

Usanifu ninaousema ni ule wa pakiti za majani chai, mabango, majalada ya vitabu na vibandiko vya chupa. Katika kazi hii cheti huangaliwa mara moja tu, kisha utasikia, "Haya, tuonyeshe kazi zako." Hapo ndipo unapotoa mkoba wako wa kazi, au potifolio kama wanavyoiita wenyewe mjini. Ukiteleza hapo, alama zako zote za mtihani hazikusaidii kitu.

Mahojiano yangu ya kwanza yalikuwa Nairobi, mwezi wa Machi 2023. Mama, ambaye huuza leso katika soko la Kongowea, alinikopesha shilingi 4,000. Nikanunua mkoba mweusi wa zipu unaotosha karatasi za A3, nikachapisha kila nilichowahi kuchora chuoni. Kazi 34! Niliwaza moyoni, wakiona wingi huu watajua mimi si mtu wa mchezo. Kitu kimoja tu kilinikera: ile rangi ya chungwa iliyokuwa ikiwaka kwenye tarakilishi ilitoka kwenye mashine imefifia kama tofali. Kioo cha tarakilishi hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, lakini mashine hutumia wino, na zipo rangi za mwanga ambazo wino hauzifikii kamwe. Tulifundishwa haya darasani, ila sikuwa nimeyaona yakinila pesa. Basi nikafunga zipu, nikapanda basi la usiku.

Waliokaa mbele yangu walikuwa wanaume wawili na mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Mama ndiye aliyefungua mkoba. Alipekua upesi upesi, karatasi nne, tano, bila neno. Moyo ulinidunda kama ngoma. Kisha akasimama kwenye bango la kuwahimiza watu wanawe mikono ili kuzuia kipindupindu.

"Hii umechora wewe?"

Ndugu msomaji, bango lile tulilifanya watu wanne. Mtoto anayenawa mikono alichorwa na rafiki yangu. Mimi nilipanga maandishi tu. Lakini ndilo lililopendeza kuliko yote mle mkobani. Nikajibu, "Ndiyo, ni mimi."

"Vizuri sana. Mbona vidole vya mkono wa kushoto hukuvipiga mstari wa nje?"

Nikaduwaa. Nikababaisha, eti ni mtindo wa kisasa. Akanitazama juu ya miwani, akapekua karatasi mbili zaidi, akafunga. "Asante. Tutakupigia simu." Kazi zaidi ya ishirini hazikuguswa hata na jicho moja.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila hawakutaja ni fupi kiasi gani. Yangu haikufika hata magharibi. Saa kumi na moja jioni simu ililia. Alikuwa rafiki yangu yule yule. Kumbe naye aliitwa pale pale saa nane mchana, na mkobani mwake bango ndilo lilikuwa ukurasa wa kwanza.

"Wewe bwana, ulisema bango ni lako?" aliuliza. "Wameniambia wameliona asubuhi, na mwenyewe. Nimeeleza mpaka koo limekauka. Wananiangalia tu kama mwizi."

Sikuwa na la kusema. Kazi hakupata yeye wala mimi. Na siku hiyo alikuwa ameacha kibarua ili aje. We acha tu.

Nilirudi Kisauni kichwa chini. Wiki mbili sikuugusa ule mkoba. Siku moja nikazitandaza zile karatasi zote kwenye mkeka, nikakaa kuzitazama. Mama akaingia kutoka sokoni, akasimama na viatu mkononi.

"Sasa hii yafanya kazi gani?" akauliza, akinyooshea karatasi moja kidole. Nikamweleza. "Na hii?" Nikamweleza. "Na hii?" Hapo nikanyamaza, maana ilikuwa mapambo tu niliyoyachora ili nimalize muhula. Akaisukuma kando kwa kidole cha mguu. Tuliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Niliposhindwa kusema kazi ilikuwa ya nani, ilitakiwa itatue shida gani na kwa nini nilichagua herufi au rangi ile, basi iliondoka mkekani.

"Mimi mteja akija simfungulii robota zima," mama alisema. "Atachoka, aseme ngoja nizunguke kwanza. Namtolea tano, sita. Ya kwanza ya kumsimamisha, ya mwisho ya kumtoa pesa. Na kila moja naikunjua mpaka jina lisomeke."

Chuoni nilisoma miaka miwili na sikuwahi kupata somo la namna hiyo.

Zikabaki kazi 9. Ya mwisho nikaiweka leso niliyoisanifu mwenyewe, yenye pindo, mji na jina. Rasimu zake tatu za mwanzo ziliharibika, kwa sababu maua ya pindo yalilimeza jina. Nikazitia rasimu zile mkobani vilevile, mbaya kama zilivyo, ili mtu akiniuliza kwa nini pindo ni jembamba, jibu liwe pale pale kwenye penseli. Zote nilizihifadhi pia kwenye simu na kwenye flashi, maana mtu mwingine hupenda kuona kwenye kioo, na stima zetu mnazijua. Lakini kitu cha karatasi nilikionyesha kwa karatasi, mtu akishike.

Likabaki lile bango. Nilimpigia rafiki yangu simu. Hiyo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko yote, siku tatu nzima za kushika simu na kuiweka chini. Nikamwomba radhi, nikamuuliza kama naweza kulitia mkobani na kuandika chini yake: mchoro wa fulani, maandishi yangu. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Weka jina langu kubwa," akasema.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo niliitwa na wachapishaji wadogo wa pakiti hapa Mombasa. Bwana aliyenihoji alikaa na rasimu za leso karibu robo saa, akiuliza hili na lile, nami nikijibu bila kutokwa jasho. Alipofika kwenye bango alisoma maandishi ya chini, akainua uso.

"Huyu mwenzako aliyemchora mtoto, yuko wapi siku hizi?"

Nikampa nambari ya simu. Wiki iliyofuata aliyeitwa kuanza kazi hakuwa mimi, alikuwa yeye.

Sitawadanganya kwamba nilifurahi usiku ule. Nilifurahi baadaye kidogo. Mimi nilipata kazi mwaka wa 2024, mahojiano ya nne, kwa mkoba ule ule na kazi zile zile 9. Zile shilingi 4,000 nilimrudishia mama mwezi wa Desemba. Alizihesabu mbele yangu, noti moja moja, akazifunga kwenye ncha ya leso, kisha akaniuliza kama ule mchoro wa leso nimeshauza au ungali pale kwenye mkoba.