Ukiyajua Maji, Umemjua Swala

KAMA na wewe ni wale wanaodhani swala anazurura tu porini, kama sisi vijana wa Mwanza tunavyozurura Makoroboi Jumamosi, basi wiki hii panda nami basi twende Bariadi. Swala ana ratiba, msomaji wangu. Na aliyempangia ratiba hiyo ni maji.

Unatoka Mwanza, unapita Magu, unafika Lamadi. Hapo unaliacha ziwa na kukata kulia, na muda si mrefu ni mashamba ya pamba kila upande. Bariadi ndiyo makao makuu ya mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012. Mji una nyumba za wageni, bodaboda na mishikaki ya uhakika. Ila mimi sikufuata mishikaki, nilitaka kuuona Mto Duma, ule unaomwaga maji yake Mto Simiyu.

Mto wenyewe? Mchanga mtupu! Ilikuwa mwezi wa tisa. Kina mama walikuwa wamechimba mashimo katikati ya mto, wanachota kikombe kwa kikombe hadi ndoo ijae, na foleni ndefu. Babu mmoja aliyekuwa ananywesha ng'ombe wake nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta habari za swala. Akacheka kweli kweli.

"Mjukuu wangu, swala anatafuta hicho hicho wanachotafuta hawa mama zako."

Babu aliwinda enzi za ujana wake, na aliyoniambia hapo mchangani yalinizidi masomo yote ya sekondari. Si kila mnyama ana kiu sawa. Kuro hawezi kuishi mbali na maji, kwa hiyo kiangazi ukiona mto wenye dimbwi, mtafute jirani hapo hapo. Swala pala, majani yakiwa mabichi, anaweza kukaa bila kunywa, lakini nyasi zikikauka lazima ateremke kunywa karibu kila siku. Swala granti ni mgumu, anakaa uwandani siku nyingi bila kugusa maji. Na digidigi, kadogo kale, maji yake anayapata kwenye majani na umande. Ukimsubiri digidigi kisimani utaota mizizi.

Halafu kuna saa. Swala pala hupenda kunywa jua likiwa limeshapanda, kwa sababu usiku na alfajiri ni zamu ya simba. Hawaji mbio. Wanasimama mbali, wananusa upepo, masikio juu, anatangulia mmoja, wengine wanafuata. Akiinamisha kichwa huyu, yule anaangalia. Wakishakunywa hawapigi soga, wanaondoka.

Sasa hapo ndipo penye noma. Njia za kwenda majini ni zile zile kila siku, zinaonekana kama vichochoro vya Uswahilini. Anayezijua hana haja ya bunduki, waya unamtosha. Anafunga kitanzi kwenye upenyo wa kichaka, anakwenda zake kulala. Mashariki ya Bariadi kuna Pori la Akiba Maswa, linalopakana na Serengeti, na nyaya ni kilio cha huko kote. Ndani ya Serengeti kuna kikosi cha kuziokota tangu mwaka 2017. Waya hauchagui. Unanasa swala, unanasa mwenye mimba, unanasa hata fisi.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumwinda mnyama jirani na maji, hata kama una leseni mfukoni. Mimi naiunga mkono mia kwa mia. Kumvizia mwenye kiu siyo uwindaji, ni ukabaji.

Babu hakukubaliana nami moja kwa moja. "Wewe umekuja na basi, utarudi na basi," alisema. "Pamba ikigoma, watoto wanakula nini?" Nikakosa jibu. Ila naye aliniambia jirani yake yuko jela kwa nyama ya swala. Ile ni nyara ya Serikali, kifungo chake ni miaka, siyo miezi, na sasa mke wa jamaa ndiye anayepanga foleni mchangani na ndoo mbili. Siku hizi bucha za nyamapori zinaruhusiwa kwa kibali, lakini mwenye jembe moja kibali ataanzia wapi?

Nikamuuliza, mvua zikija je? Akasema mvua za kwanza zikinyesha, mwezi wa kumi na moja hivi, kila shimo linakuwa kisima na majani yanachipua. Swala wanatawanyika, hakuna anayejua watakunywa wapi, si simba wala mwindaji.

"Na nyaya?"

"Nyaya nani atazikumbuka? Zinabaki pale pale njiani."