Kwa Baiskeli Kutoka Nairobi Hadi Kikuyu

Watu wengi wa Nairobi huijua baiskeli kuwa chombo cha kazi. Wameizoea ile baiskeli nzito nyeusi iitwayo Black Mamba, ambayo nyuma yake hufungwa mikebe ya maziwa, au gunia la makaa, au kreti za mikate. Mwenye kuipanda huonekana ana haraka, na haraka hiyo aghalabu si yake, bali ni ya mwenye mzigo. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi mtu akipita katikati ya mji polepole juu ya baiskeli, hana mzigo, hana barua ya kupeleka, wala hana saa ya kufika, watu humtazama na kuulizana, "Yule anakwenda wapi?" Jibu ni fupi: anatembea.

Desturi ya kutembea kwa baiskeli siku za mapumziko ilipata nguvu sana katika Uingereza. Mwaka 1878 waendeshaji baiskeli wa huko walianzisha chama chao cha safari, wakati baiskeli ilipokuwa bado na gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma, na kuanguka kutoka juu yake hakukuwa jambo la mzaha. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyolingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata hati ya mpira uliojazwa upepo. Bei ilipopungua, karani na mfanyakazi wa kiwanda waliweza kununua. Wiki nzima walifungiwa ndani ya moshi na kelele za mashine. Jumapili walitoka mjini, wakapita kati ya mashamba, wakanywa chai vijijini, wakarudi jioni. Hawakutafuta faida yoyote katika safari hizo. Walitaka siku moja iwe yao wenyewe.

Baiskeli ilifika Nairobi pia, lakini siku hiyo moja haikuja pamoja nayo. Mji wenyewe ulianza mwaka 1899, reli ilipofika hapa ikitoka Mombasa, na katika miaka ya utawala wa Kiingereza vitongoji vyake viligawanywa kwa rangi za watu. Upande wa magharibi, penye vilima na baridi, palikuwa pa Wazungu. Waafrika waliwekwa upande wa mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi unaonata wakati wa mvua. Mwafrika aliyepanda baiskeli kwenda magharibi alikwenda kwa sababu ya kazi: kupika, kutunza bustani, kupeleka nyama au barua. Katika miaka ya kipande, kuzungukazunga huko bila shughuli ya kueleza kulikuwa ni kujitafutia maswali ya askari. Tena Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba mwaka 1952, mienendo ya Waafrika katika mji ilizidi kubanwa. Hivyo mtu anayepanda leo kutoka katikati ya mji hadi Kikuyu kwa kujifurahisha tu, anafanya jambo dogo ambalo babu yake hakuruhusiwa kulifanya kwa raha.

Safari hiyo, kwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, ni kilomita 50 hivi. Huanza vema saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika Kenyatta Avenue, kabla matatu hazijajaa. Barabara hii ni pana kupita kiasi, na husemwa kwamba ilipimwa hivyo ili gari la kukokotwa na ng'ombe wengi liweze kugeuka. Kando yake zimesimama sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja wa watu hao watatu ni mpagazi. Mpanda baiskeli asiye na mzigo yafaa asimame hapo kidogo amtazame, kwa kuwa wapagazi waliokufa katika vita ile kwa njaa na maradhi walikuwa maelfu kwa maelfu.

Baada ya kuvuka Uhuru Highway, mkono wa kushoto iko Uhuru Park, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mwaka 1989 palikuwa na shauri la kujenga jumba la ghorofa 60 ndani yake. Profesa Wangari Maathai alilipinga hadharani, akatukanwa sana, lakini mwishowe jumba halikujengwa na nyasi zingalipo. Hapo ndipo mwinuko wa kwanza unapoanza. Asiyezoea hushuka akasukuma, wala si aibu. Juu ya kilima barabara ya Ngong hupokea, nayo hunyooka kuelekea magharibi.

Barabara hii ilipopanuliwa, pembeni mwake iliwekwa njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Ni jambo la kushukuru, na mahali ilipo wazi hata mtoto aweza kupita kwa salama. Lakini si mahali pote ilipo wazi. Hapa mwuza viatu ametandika turubai lake, pale motokaa imeegeshwa, na mbele kidogo pikipiki za bodaboda zinakuja upande usio wao. Mpanda baiskeli hupiga kengele, husema "Samahani, mama," huteremka, hupanda tena. Mwaka 2015 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya kuwajali wenye kwenda kwa miguu na baiskeli, ikaahidi kuwatengea asilimia 20 ya fedha za usafiri. Mtu anayetaka kujua maana ya ahadi hiyo, na aendeshe baiskeli kutoka mjini mpaka Dagoretti Corner. Atajua mahali ilipotimizwa na mahali ilipokatika, kwa maana magurudumu yatamwambia.

Ng'ambo ya Dagoretti Corner mji hupungua. Msitu wa Ngong Road huja upande wa kushoto, na hewa hubadilika papo hapo ikawa ya baridi yenye harufu ya majani. Udongo nao umebadilika: ule mweusi umebaki nyuma, na kando ya lami sasa ni udongo mwekundu wa nchi ya milima. Kisha mtu huingia Karen, penye ua mrefu na miti mikubwa. Hapa aliishi Bibi Karen Blixen wa Denmark tangu 1914 hadi 1931, akijaribu kulima kahawa mahali palipokuwa juu mno kwa kahawa, hata shamba likamshinda. Nyumba yake sasa ni jumba la makumbusho. Kutoka hapo Vilima vya Ngong huonekana waziwazi, vimepangana kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, na kilele chake chafika mita 2,460 juu ya bahari.

Kutoka Karen msafiri hugeuka kaskazini kwenda Dagoretti na Kikuyu. Barabara hupanda na kushuka mabonde, na kila mteremko hudai malipo yake mbele. Njia za upande huu zina sifa katika mambo ya baiskeli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kijana mmoja aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome, alikuwa akikaa Karen na mama yake, naye akawa anakwenda karibu na Kikuyu kwa David Kinjah, aliyekuwa bingwa wa baiskeli wa Kenya. Kinjah alikuwa akiwafundisha vijana wa kijiji nyumbani kwake, si kuendesha tu bali na kutengeneza pia, na kundi lake huitwa Safari Simbaz. Froome alipanda nao vilima hivi. Baadaye, akiendesha kwa jina la Uingereza, alishinda mashindano makuu ya Ufaransa, Tour de France, mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Watu wa Dagoretti hawashangai kusikia hayo. Mwenye kuzoea milima yao, wasema, haogopi ya Ufaransa.

Soko la Dagoretti ni mahali pa kupumzika. Hapa pana machinjio, na moshi wa nyama ya kuchoma huanza mapema. Penye kibanda, mpanda baiskeli huagiza chai na mandazi, huegemeza baiskeli mahali anapoiona, na mazungumzo huanza bila kutafutwa. Wazee humwuliza atokako, na akitaja mjini huuliza kama motokaa yake imeharibika. Akisema anatembea tu, hucheka. Kisha mmoja huanza kueleza jinsi alivyokuwa akipeleka maziwa kwa baiskeli tangu alfajiri, na mwingine huonyesha kovu la mguuni alilopata breki zilipokatika mteremkoni. Kama mpira umetoboka, fundi wa chini ya mti huutia mrija ndani ya karai la maji, hutazama mapovu yanapotokea, hubandika kiraka, na safari huendelea. Mtu aliye ndani ya motokaa hupita Dagoretti. Aliye juu ya baiskeli hufika Dagoretti.

Mbele kuna Thogoto. Wamisionari wa Kiskoti walihamia sehemu hizi mwaka 1898, na jina lenyewe ni neno "Scot" kwa matamshi ya Kikuyu. Jomo Kenyatta alisoma katika misheni hiyo akiwa kijana, akabatizwa 1914. Mwaka 1922 alikuwa mjini, ameajiriwa katika idara ya maji ya Manispaa ya Nairobi. Karibu na hapo iko Alliance High School, iliyofunguliwa mwaka 1926, ambayo imetoa mawaziri, majaji na waalimu wengi wa nchi hii.

Kisha Kikuyu, na mwisho wa kupanda. Stesheni ya Nairobi iko kama mita 1,660 juu ya bahari, na hapa mtu amepanda zaidi ya mita 300 juu yake kwa nguvu za miguu yake mwenyewe. Nje kidogo ya mji kuna kinamasi cha Ondiri. Kwa macho ni uwanja wa matete na nyasi uliozungukwa na mashamba, lakini nyasi hizo zimeelea juu ya maji, na mahali pengine anayezikanyaga huona zinatikisika chini yake. Hapa ndipo Mto Nairobi unapoanza. Wamaasai waliyaita maji yake baridi, na kutokana na maneno yao mji mzima ukapata jina. Wenyeji wamejiunga pamoja kukitunza kinamasi, wakapanda miti na mianzi pembeni, kwa kuwa mashamba na visima vinayavuta maji yake kwa bidii.

Ni vema mpanda baiskeli akae hapo nusu saa, ale chungwa lake, ayatazame maji hayo namna yalivyo safi. Atayakuta tena jioni.

Kurudi ni kuteremka. Barabara hupita Kinoo, Uthiru na Kangemi, ikiitwa Waiyaki Way kwa jina la Waiyaki wa Hinga, mkuu wa Wakikuyu aliyepatana na Kapteni Lugard huko Dagoretti mwaka 1890, na ambaye miaka miwili baadaye alikamatwa, akafa Kibwezi akipelekwa pwani. Hapa yatakiwa tahadhari kubwa, maana malori yanateremka pamoja na baiskeli, wala hayateremki kwa upole. Kufika Westlands, barabara mpya ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022 yenye urefu wa kilomita 27, imepita juu kwa nguzo ndefu. Baiskeli haziruhusiwi huko. Wenye haraka wamepewa njia yao juu ya vichwa vya watu. Mwenye baiskeli amebaki chini, penye matatu, mashimo na vumbi.

Karibu na jumba la makumbusho la taifa anauvuka Mto Nairobi. Ni maji yale yale ya Ondiri, lakini hayajulikani tena. Yamekuwa meusi, yamebeba karatasi za plastiki na takataka za kila namna, na yananuka. Dereva aliyefunga vioo hana habari. Lakini yule aliyeyaona asubuhi yakiwa safi, akayaona jioni yakiwa hivi, katika siku moja na kwa miguu yake, hahitaji kuelezwa na mtu yeyote ni nani aliyeyachafua. Ni mji wake.

Tangu mwaka 2014 wako wakazi wa Nairobi ambao hukutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi wakaendesha baiskeli pamoja, makarani na mafundi, wake kwa waume, ili waonekane na wenye motokaa na kudai nafasi barabarani. Asiyependa kundi aweza kutoka na rafiki mmoja. Atazame breki zake usiku uliotangulia, achukue pampu, kiraka na maji ya kunywa, avae kofia ngumu na nguo ya kung'aa, na arudi kabla ya giza. Kwa mara ya kwanza aishie Dagoretti Corner, Kikuyu haitahama.

Baiskeli imewachukulia watu wa nchi hii mizigo kwa muda mrefu. Siku moja katika wiki si nyingi kwa mwenyewe kuchukuliwa naye, aone nchi yake kwa mwendo unaomwezesha kusalimu na kusalimiwa. Wazee walisema, mwenda pole hajikwai. Kinachobaki ni kwamba apewe mahali pa kupita, ili asigongwe pia.