Daftari, Spana na Mpira

Msomaji, kama wewe ni mwanafunzi wa shule ya sekondari, labda umekwisha kujiuliza chuo kikuu ni mahali pa namna gani. Mimi nilijiuliza swali hilo nikiwa Sangailu, kusini ya Garissa, si mbali na msitu wa Boni, mahali ambapo ng'ombe ni mali, mvua ni habari na kisima ni uhai. Nilidhani chuo kikuu ni nyumba kubwa yenye vitabu vingi, ambamo mtu huingia mjinga akatoka mwenye hekima, kama nguo chafu itiwavyo majini ikatoka safi. Nilikosea, maana nguo haitakati kwa kutiwa majini tu. Hutakata kwa kufuliwa.

Nataka kukusimulia jinsi nilivyofuliwa. Sehemu moja ya habari hii ni aibu yangu mwenyewe, nami naitoa bila ya kuifunika. Aibu iliyofichwa haimfai mtu yeyote, bali iliyosemwa huweza kumwonya mwingine.

Malishoni kwetu palikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa kwa mitambo. Maji yake yalikuwa chini sana, hayafikiwi kwa kamba wala ndoo, yakapandishwa kwa pampu iliyoendeshwa na jenereta ya dizeli. Siku jenereta iliponguruma hapana aliyeisikia. Siku iliponyamaza kila mtu alisikia. Fundi wa kuitengeneza aliishi mbali, na kabla hajafika watu na wanyama walingoja. Nilipokuwa mtoto nilingoja pamoja nao, nikaazimia kuwa mimi nitajifunza ufundi wa mitambo ili kungoja kule kukome. Baba yangu alipolisikia azimio langu aliuza ng'ombe saba, mmoja baada ya mwingine, ili nisome.

Mwaka niliojiunga na chuo ulikuwa 2015. Msomaji, mwaka huo haukuwa mwepesi kwa mzazi wa upande wetu kumtoa mtoto wake kwenda chuo chochote. Tarehe 2 Aprili watu wenye silaha waliingia katika chuo kikuu cha Garissa alfajiri, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo kile kilifungwa, kikafunguliwa tena Januari 2016. Mama yangu hakusema nisiende. Alinifunga chakula cha njiani mara mbili, akakifungua mara mbili, na mara ya tatu akanipa. Nilipanda lori mpaka Masalani, nikavuka mto Tana, nikapita Garsen na Malindi, na siku ya pili nikaingia Mombasa.

Chuo nilichokwenda ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor, katika kisiwa chenyewe. Historia yake inastahili kujulikana. Katika miaka ya mwisho ya 1940 kilianzishwa hapo chuo cha kuwafundisha Waislamu wa Afrika ya Mashariki kazi za ufundi, kwa msaada wa Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na Serikali ya kikoloni. Mwaka 1966 kiligeuzwa taasisi ya ufundi ya watu wote, mwaka 1972 kikawa Politekiniki ya Mombasa, na mwaka 2013 kikapewa hadhi ya chuo kikuu kamili. Jina lake lilibadilika mara nyingi, ila jambo moja lilibaki pale pale: huko mkono hufundishwa pamoja na kichwa.

Wazo la kumpeleka mwanafunzi kazini kabla ya kuhitimu si letu peke yetu. Mwaka 1906, katika mji wa Cincinnati, Marekani, mwalimu wa uhandisi aliyeitwa Herman Schneider alianzisha mpango ambao wanafunzi walipokezana zamu za darasani na zamu za kiwandani. Aliona ya kuwa yako mambo ambayo ubao hauwezi kuyafundisha, na yako mengine ambayo kiwanda hakiwezi. Leo hapa Kenya mwanafunzi wa ufundi hana budi kwenda katika mafunzo ya kazini kwa majuma kadhaa, akichukua daftari ambalo kila siku huandika kazi aliyoifanya, na msimamizi wake hulitia sahihi. Likumbuke daftari hilo, msomaji, maana ndilo lililonitia aibuni.

Lakini kwanza nikueleze uwanja. Maisha ya mwanafunzi katika mji mkubwa yana upweke usiotazamiwa. Mji umejaa watu, na mgeni hana hata mmoja. Asubuhi nilikula mahamri na mbaazi nimesimama kando ya barabara, mchana nilisikiliza masomo, usiku nilisikiliza joto. Tena mwaka ule jina la kwetu lilikuwa zito masikioni mwa watu. Niliposema natoka Garissa, wengine walinyamaza kidogo kabla ya kunijibu. Sikuwalaumu, hofu ilikuwa imewaingia kama ilivyomwingia mama yangu. Walakini nilianza kulitaja jina la kwetu kwa sauti ya chini, na hilo lilinihuzunisha.

Jioni moja timu ya mpira ilipungukiwa na mtu, nami nikaitwa kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu. Kwa mbio sikuwa na hofu. Mchunga ng'ombe hukimbia tangu hajajua kusoma. Nilipata mpira, nikaenda nao peke yangu, nikawapita watatu, wa nne akaniangusha. Ikawa hivyo mara nyingi. Mchezo ulipokwisha, mwalimu wa timu aliniita akaniambia, "Kijana, mbio unazo, lakini wenzako huna. Inua kichwa." Nilifundishwa jioni nyingi kuinua kichwa, kutazama mwenzangu yuko wapi, na kuomba msaada kwa sauti nilipozingirwa. Haukupita muhula nikawa naitwa kwa jina langu na vijana wa Kwale, wa Siaya na wa Meru. Uwanjani hapana aliyeniuliza natoka wapi. Waliniuliza kwa nini sikutoa pasi.

Usidhani mchezo ni adui wa masomo. Mwaka 1978 Mkenya Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu katika jimbo la Washington, Marekani, alivunja rekodi nne za dunia za mbio katika muda wa siku 81. Si kila mwanafunzi atakuwa Rono, nami sikuwa hata kivuli chake. Ila kila mwanafunzi aweza kupata uwanjani kile ambacho mtihani hauwezi kumpa, nacho ni kushindwa mbele ya watu na kurudi kesho yake.

Sasa nije katika aibu yangu. Mwaka 2017 nilipelekwa kwa mafunzo ya kazini katika karakana moja ambayo sitaitaja. Humo pampu na jenereta ziliingia mbovu zikatoka nzima. Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na msichana mmoja kutoka Taita. Siku za mwanzo sote wawili tulitumwa chai na mahamri ya mafundi, tukafagia, tukapanga vyombo. Yeye aliporudi na chai aliweka birika chini, akamwambia fundi, "Nionyeshe hiyo, nami nijaribu," akaomba spana. Mara tatu alikataliwa, mara ya nne akapewa. Mimi niliporudi na chai nilikaa kivulini. Niliona kuuliza ni kujidhalilisha, na niliogopa mafundi watajua kuwa sijui. Jioni nilifungua daftari nikaandika: "Leo nimefungua pampu, nimebadilisha vyuma vilivyolika, nimeifunga." Aliyefungua ni mwingine, mimi nilitazama kwa mbali. Msimamizi alikuwa na kazi nyingi, akatia sahihi bila ya kuuliza. Majuma yalikwisha, daftari likajaa, nikapata alama nzuri.

Mwezi wa Agosti mwaka huo nchi ilifanya uchaguzi, nami nikarudi Sangailu kwa mapumziko. Ukame ulikuwa mkali. Tangu Februari Serikali ilikuwa imeutangaza kuwa janga la taifa. Ng'ombe walikuwa mifupa iliyovikwa ngozi, na kisima chetu kilikuwa tegemeo la watu waliotoka mbali. Siku ya nne baada ya kufika kwangu jenereta ilinyamaza. Watu hawakutafuta fundi. Walikuja nyumbani kwetu. Mzee mmoja alimwambia baba yangu, "Mungu amekulipa ng'ombe wako. Fundi yumo nyumbani mwako."

Nilikwenda. Nilifungua kifuniko, nikakifunga. Niligusa waya, nikapiga bomba kwa kidole. Watu walisimama wakinitazama, na nyuma yao ng'ombe walisimama wakilitazama birika tupu. Laiti wakati ule ningesema, "Sijui, tumeni mtu leo hii." Sikusema. Nilisema, "Labda kesho." Kesho yake nilisema hivyo tena. Hatimaye baba yangu ndiye aliyetuma ujumbe Masalani, na fundi akafika siku ya tatu. Kabla ya kufika kwake ng'ombe wawili wa jirani, mjane mwenye watoto wanne, walikuwa wamelala chini wasiinuke.

Fundi aliuliza swali moja: "Mafuta yaliisha hata tone?" Wakamwambia naam, yaliisha, wakatia mengine, na tangu hapo haikuwaka. Alicheka kidogo. Mafuta yakiisha kabisa, hewa huingia katika mrija wa dizeli. Na kwa kuwa hewa hubonyea na mafuta hayabonyei, mtambo husukuma bure, mafuta hayafiki yanapotakiwa. Alilegeza skrubu moja ndogo karibu na chujio, akasukuma kwa mkono kipini cha kuvutia mafuta mpaka mapovu yakakoma, akaikaza skrubu, akawasha. Jenereta ikanguruma. Kazi yote haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Kazi ile ile ilikuwa imeandikwa katika daftari langu, ukurasa wa tisa, kwa mwandiko wangu, na sahihi chini yake.

Baba yangu hakunigombeza mbele ya watu. Usiku, tulipokuwa peke yetu, alisema, "Mwanangu, nilidhani nimeuza ng'ombe nikanunua fundi. Kumbe nimenunua daftari." Kisha akalala. Mimi sikulala.

Niliporudi Tudor nilikwenda kwa mhadhiri wangu nikamweleza yote. Nilikuwa nimezingirwa, nami nikakumbuka somo la uwanjani: ukizingirwa, paza sauti. Alinisikiliza, akaniambia kuwa alama zile zitafutwa, nitarudia mafunzo ya kazini mwaka utakaofuata, na kuhitimu kwangu kutachelewa. Adhabu ilikuwa ya haki, lakini haikuwa rahisi. Fedha za mkopo hazikutosha kwa muda ulioongezeka, na kwa baba sikuthubutu kuomba ng'ombe mwingine. Nilibeba magunia ya viazi alfajiri katika soko la Kongowea, nikaingia darasani na vumbi la magunia mabegani.

Mwaka 2018 niliingia karakana nyingine. Siku ya kwanza nilimwambia fundi mkuu, mzee wa Mombasa mwenye miwani iliyofungwa uzi, "Mzee, mimi sijui kitu. Nimekuja kujua." Akanitazama juu ya miwani akasema, "Basi wewe tutaelewana. Wanaonipa taabu ni wajuao." Alinipa spana siku hiyo hiyo. Nilivunja skrubu mbili katika juma la kwanza, nikaziandika zote mbili katika daftari. Daftari la mwaka huo lina madoa ya mafuta, na makosa mengi kuliko lile la kwanza. Alama zake zilikuwa ndogo zaidi. Nalitunza mpaka leo. Lile la kwanza nililichoma.

Nilipokwenda nyumbani baada ya hapo sikumwambia mtu kuwa nimekuwa fundi. Nilingoja. Jenereta ilipokataa, nilisema mbele ya wote, "Nitajaribu mpaka adhuhuri. Nikishindwa, tumeni mtu Masalani." Chujio lilikuwa limeziba uchafu. Nililisafisha, nikatoa hewa katika mrija, na kabla ya saa nne maji yakatoka. Kisha nikawaita vijana wawili wachungaji, nikalegeza tena skrubu ile ndogo makusudi, nikawapa spana wao wafanye. Yule mjane alileta maziwa katika kibuyu. Hakusema neno juu ya ng'ombe wake wawili, nami nilikunywa kwa shida.

Msomaji, nawe utakwenda chuoni siku moja, Inshallah, na huenda ukapelekwa kazini ukiwa na daftari tupu mkononi. Watakutuma chai, nenda, maana hapana kazi ya aibu. Ila urudipo usikae kivulini. Omba spana. Ukinyimwa, omba tena. Na jioni ukifungua daftari, kama siku hiyo ulifagia tu, andika kwamba ulifagia. Iko siku watu watakuja mlangoni kwako wakiamini ulichokiandika, na nyuma yao patakuwa na kitu chenye kiu.