Makopo 12 mpaka Kasenyi



Wengi wenu mmetuuliza habari ya makopo ya Nido tunayokusanya tangu mwezi uliopita. Wengine mmesikia pia ile fujo ya makopo iliyotokea kwenye avenue yetu, na kila mtu anaieleza kwa namna yake. Juma hili tunawaandikia sisi wenyewe, ili mjue jambo lilivyoanza, tulipokosea, na safari tunayoipanga kwa vakansi kubwa.

Jambo lilianza kwa kijana wa dada yetu mmoja, aliyekulia Kanada na kuja Bunia kusalimia koko yake. Jioni moja aliwaonyesha watoto mchezo kwenye simu. Huko unaitwa jiokeshingi. Mtu anaficha sanduku dogo lenye daftari ndani, kisha anatoa namba za mahali lilipo. Mwingine anafuata zile namba kwa simu, anatafuta, anapata, anaandika jina lake katika daftari na kurudisha sanduku palepale. Ukichukua kitu kidogo kilichomo, unaacha kingine cha thamani ileile. Mchezo ulianzia Marekani tarehe 3 Mei 2000. Siku moja kabla, serikali yao iliondoa kosa iliyokuwa inalitia makusudi katika alama za GPS za raia. Mtu mmoja wa Oregon, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini ili kuona kama wengine wataipata. Wakaipata.

Watoto walipenda mara moja. Nasi tulipenda, kwa sababu kila vakansi tunalia juu ya watoto wanaokaa bila kazi. Kijana akatueleza kwamba kuna barabara za mchezo huu ambako masanduku yamepangwa kama shanga kwenye uzi. Iliyo maarufu iko Nevada, barabara namba 375, katika jangwa. Mwaka 2010 waliweka huko masanduku zaidi ya 1,000. Kanuni inasema kati ya sanduku na sanduku pasipungue mita 161, basi wao wakayaweka karibu kabisa na kipimo hicho. Watu wanakwenda na gari, wanasimama, mmoja anaruka chini, anaandika, anarudi, wanaondoka. Kutwa nzima.

Tukasema, nasi tuna barabara. Tutoke Bunia, tupite Bogoro, tushuke mpaka Kasenyi, watoto waone ziwa. Wako wenye miaka 10 na zaidi waliozaliwa hapa, wanakula samaki wa Kasenyi kila juma, na hawajaliona Ziwa Albert hata siku moja.

Mama Prezida akachukua kalamu. Mpaka Bogoro ni kama kilometa 25. Kwa kipimo cha mita 161, hapo tu ni makopo 155. Tukihesabu dakika 3 kwa kila kopo, ni saa karibu 8 kabla ya kufika Bogoro, na ziwa bado. Mama mmoja akauliza nani atakunywa maziwa ya makopo 155. Tukacheka, tukapunguza mpaka 40. Mpaka hapo tulikuwa tunafikiri hesabu tu.

Jumamosi iliyofuata tulifanya jaribio. Kijana aliamka mapema, akaficha makopo matatu kwenye avenue yetu: moja chini ya mwembe, moja katika mtaro, moja nyuma ya ukuta wa kanisa. Hakuna jirani aliyeambiwa. Hilo ndilo kosa, na ni letu, si la kijana. Yeye ni mgeni; sisi tunaijua Bunia.

Koko mmoja aliyekuwa anafagia alimwona mtu asiyemjua akiinama mtaroni, anaacha kitu, anaondoka haraka. Alipiga kelele. Katika dakika tano avenue ilikuwa tupu. Wamama waliacha vyungu motoni. Watu walikimbia na watoto mgongoni. Wakuu wakaja, wakakuta kopo la Nido lenye daftari, pipi na vifungo vya shati. Tulikwenda mbele yao tukaeleza kwa aibu, na walituonya kwa haki.

Jambo kama hilo limetokea hata kwa wenye amani. Julai 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akiweka sanduku la mchezo huu mbele ya duka la kahawa. Barabara ilifungwa, askari wa mabomu wakalilipua. Kama wao waliogopa, sisi je? Mji huu ulipita vita tangu 1999 mpaka 2003. Wakati Ulaya inaleta askari wake hapa, Juni 2003, kwa operesheni Artemis, wengi wetu tulikuwa tunalala uwanjani karibu na kiwanja cha ndege na watoto wadogo. Na mambo hayakuishia hapo.

Jioni ya siku ile tulikwenda kwa koko kuomba radhi. Alitupa viti, akanyamaza kwanza. Kisha akasema: «Wanangu, mtoto wa jirani yangu aliokota kitu kinachong'aa, akadhani ni kopo. Mnataka kuwafundisha wajukuu wangu kuingiza mkono katika shimo wasilolijua?»

Hatukuwa na jibu. Miaka yote tumewafundisha watoto: kitu usichokijua, usikiguse, usikikaribie, rudi kwa njia uliyojia, mwambie mtu mkubwa. Na mchezo wetu ulikuwa unawafundisha kinyume: ona kitu kilichofichwa, kimbilia, fungua.

Tulitaka kuacha yote. Koko mwenyewe ndiye alitutengenezea njia. Alisema kama ni lazima kopo liwe mahali, liwe mikononi mwa mtu. «Niwekeeni mimi moja. Mtoto akija, atanisalimia, nitampa.»

Basi huo ndio mchezo wetu sasa. Hakuna kopo linalofichwa. Kila kopo lina mama yake. Namba za simu zinampeleka mtoto mpaka karibu, kwa maana GPS inaweza kukosea mita 5 au 10. Pale anasimama, anatazama, anatafuta mtu badala ya shimo. Kwa kila mama kuna fumbo, kwa mfano: «Anayejua kiuno cha kila mtu wa kartie» ni fundi wa nguo. Mtoto anasalimia, anajitambulisha ni wa nani, anasema jibu la fumbo. Kama salamu haikuwa nzuri, mama hana kopo siku hiyo! Tumejaribu na watoto 14, na wale waliokuwa wanapita kwa wakubwa kama mbuzi sasa wanasimama na kuamkia.

Makopo yamebaki 12. Manane yako hapa mjini, karibukaribu, kwa miguu, kuanzia upande wa soko mpaka Boulevard de Libération: mama wa maharagwe, fundi wa nguo, mama wa mandazi, yule anayechaji simu, mama wa dawa, koko wetu, mama wa makaa, na mwalimu mstaafu anayeuza madaftari. La tisa liko kwenye mashini ya kusaga, mji unapoishia. Hapo tunapanda gari.

La kumi ni Bogoro, na hapo tulibishana sana. Tarehe 24 Februari 2003, watu zaidi ya 200 waliuawa Bogoro kwa asubuhi moja. Kesi yake ilifika mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kule The Hague, hukumu ikatolewa 2014, na mwaka 2017 mahakama iliamuru fidia kwa wahanga 297, kila mmoja dola 250 na misaada mingine ya pamoja. Baadhi yetu tulisema, mchezo wa watoto mahali pale ni dharau. Tupite polepole, kimya, tusisimame.

Kati yetu kuna mama aliyezaliwa Bogoro. Alisubiri wote wamalize. Akasema: «Kila mgeni anapita kwetu na uso wa matanga. Hanunui hata ndizi. Sisi tupo, tunalima, tunazaa. Simameni.»

Kwa hiyo tutasimama. Kwanza tutakaa kimya kidogo pamoja, na wakubwa tutawaeleza watoto kilichotokea kwa maneno ya kadiri yao, bila kutaja kabila la mtu. Watoto wetu ni wa makabila yote ya Ituri na watakaa katika gari moja. Kisha kopo la kumi litakuwa kwa mama anayeuza ndizi njiapanda, na kila mtoto atanunua moja kwa pesa aliyopewa.

La kumi na moja halina mahali. Linasafiri katika mfuko wa Mama Prezida. Kutoka Bogoro barabara inaelekea ukingo wa mlima, na ghafla ziwa linaonekana chini. Bunia iko juu ya mita 1,200, ziwa liko kwenye mita 620 hivi. Kwa hiyo gari linashuka zaidi ya mita 500, na joto linapanda kadiri tunavyoshuka. Watoto waliozoea sweta za asubuhi za Bunia wataona tofauti. Mtoto wa kwanza atakayesema «ziwa!» ndiye atafungua kopo. Ndani kuna karatasi yenye majina: Albert, alilopewa na Mwingereza Samuel Baker mwaka 1864, na Mwitanzige, jina ambalo watu wa ng'ambo ya Uganda walikuwa nalo kabla yake. Watoto watauliza koko zao nyumbani jina la tatu, la nne.

La kumi na mbili ni Kasenyi, kwa mama wa makayabo, karibu na mitumbwi inaposhushwa. Mwanzo wa 2018 maelfu ya watu walivuka ziwa hili kukimbilia Uganda, na mama huyo alikuwa mmoja wao. Alirudi, akaanza tena na beseni moja la samaki. Ameahidi kuwaonyesha watoto jinsi samaki anavyopasuliwa na kutiwa chumvi. Hapo ndipo tutakula.

Sasa, wamama, mambo ya kupanga.

Ruhusa. Mnajua Mei 2021 mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Tumepeleka karatasi kwa wakuu wa hapa, na dada zetu wa Bogoro na Kasenyi wanafanya vilevile kwao. Karatasi ina majina ya watu wote na namba ya gari.

Simu. Tutakuwa na mbili tu, mikononi mwa wakubwa. Ramani tumeiweka mapema ndani ya simu, kwa hiyo hatuhitaji intaneti. GPS yenyewe haitumii megabaiti. Tukikaribia barieri, simu zinaingia mfukoni. Hakuna picha ya askari, ya barieri wala ya daraja. Mtoto mwenye kuzoea simu ya baba aambiwe hilo nyumbani kabla.

Hesabu. Watoto wajifunze kusoma namba wenyewe. Bunia iko kwenye digrii 1 na dakika 34 Kaskazini, digrii 30 na dakika 15 Mashariki. Mwalimu mstaafu atawafundisha siku ya Jumamosi wazione kwenye daftari la kuchora. Waliofeli jiografia wasiachwe nyuma.

Chakula. Kila mama apike kitu kinachovumilia joto: mihogo, mandazi, mayai ya kuchemsha. Sombe itaharibika. Maji yaliyochemshwa, lita moja na nusu kwa kila mtoto. Kofia pia.

Pesa. Gari litalipwa nusu na likelemba, nusu na mchango wa franka 2,000 kwa kila nyumba. Asiye nayo aje amwambie Mama Prezida pembeni. Hakuna mtoto atakayebaki kwa ajili ya franka.

Na la mwisho, lililo kubwa. Siku ya kuamkia safari, saa kumi na mbili za jioni, tutapiga simu kwa mama wa Bogoro na kwa mama wa Kasenyi. Wao ndio watasema kama barabara ni nzuri. Wakisema hapana, hatuendi, hata kama gari limelipwa, hata kama watoto watalia. Siku hiyo tutacheza makopo 8 ya mjini na kula mandazi yetu chini ya mwembe kwa koko. Tumekubaliana hivyo wote kwa kuinua mkono, na tunaomba mzazi yeyote asije asubuhi kutusukuma.

Kijana amerudi Kanada. Anatuuliza kila juma habari za makopo yake. Tulimwambia kwamba hayafichwi tena, akafikiri mchezo umekufa. Tukamtumia picha ya daftari la koko: majina 31, mengine yameandikwa na watoto ambao hata si wa chama chetu. Wamesikia tu kwamba kwa koko kuna kopo, wakaja kusalimia.

Tunahitaji bado makopo mawili yenye vifuniko, penseli, na vitu vidogo vya kubadilishana: vifungo, uzi, marumaru, shanga. Leteni Jumamosi baada ya mkutano. Majina ya watoto yaandikwe siku hiyohiyo, kwa maana nafasi katika gari ni 18 tu, na wakubwa watano wamo humo.

Mbaki na amani.