Naishi Manyoni, lakini boti ya Mwanza naifuatilia

Mimi ni mtu wa Manyoni. Nimezaliwa huku, nimeolewa huku, na kazi yangu ni kuuza mafuta ya alizeti sokoni. Maji tuliyoyajua utotoni ni ya kwenye ndoo na ya mabwawa ya mvua. Kuogelea sijui hadi leo. Kwa hiyo usishangae, ndugu msomaji, kuona mama wa nchi kavu anaandika habari za boti.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Mwanza. Yeye na rafiki zake wawili walichanga wakanunua boti ndogo ya injini. Si ya biashara wala ya uvuvi. Jumapili hupakia familia zao, wakapunga upepo ziwani na kuvua samaki wawili watatu wa kuchoma. Mwanangu wa kwanza alipomaliza kidato cha nne aliomba akasubiri matokeo kwa mjomba wake. Nilikubali, lakini roho ilisita.

Nilikuwa darasa la tano MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, Mei 21, 1996. Nakumbuka watu wazima wameizunguka redio nyumbani kwetu, hakuna anayesema neno. Septemba 20, 2018 ikazama MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa. Mimi nikisikia Ziwa Victoria, hayo ndiyo yanayonijia.

Jumapili moja ya Desemba, saa tatu asubuhi, mwanangu alinitumia picha wakiwa ndani ya boti, wanacheka. Saa saba nikampigia, hapatikani. Mjomba wake naye hapatikani. Saa kumi, hivyo hivyo. Wifi yangu, aliyebaki nyumbani, hakujua wameelekea wapi. "Wamesema wanazunguka tu, wifi," akaniambia, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kama yangu.

Saa mbili usiku simu ikaita. "Shikamoo mama, tumefika." Injini ilizimika katikati ya maji. Walipiga kasia mchana kutwa mpaka wavuvi wakawaona na kuwavuta. Simu ya mwanangu ilikuwa imeisha chaji kwa sababu ya kupiga picha na video. Ya mjomba wake ilikuwa imelowa maji.

Badala ya kushukuru Mungu, nilimwambia mdogo wangu maneno ambayo dada hapaswi kuyasema. Nilimwambia alitaka kuniulia mtoto. Akajibu taratibu, "Dada, na wanangu walikuwemo." Akakata simu. Tulikaa wiki tatu bila kusalimiana, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tumezaliwa.

Aliyetupatanisha ni mwanangu. Aliporudi Manyoni baada ya mwaka mpya alikaa nami jioni moja, akaomba simu yangu. "Mama, kosa halikuwa kwenda ziwani. Kosa ni kwamba hakuna aliyejua tulipo." Akanionyesha vitu vitatu.

Cha kwanza ni hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri na tahadhari za upepo na mawimbi kwa maziwa makuu na pwani ya Bahari ya Hindi, na taarifa zake hufika mpaka kwenye simu. Akaniwekea pia programu iitwayo Windy, inayoonyesha upepo saa kwa saa kwa rangi. Ukiona rangi imekolea juu ya ziwa, jua upepo ni mkali.

Cha pili ni ramani. Kumbe simu inaweza kujua ilipo hata pasipo mtandao wala bando, kwa sababu inasoma setilaiti. Lakini ramani yenyewe lazima uipakue mapema ukiwa nyumbani, na Google Maps inaruhusu hivyo. Mtu akipotea kwenye ukungu ataona nchi kavu iko upande gani.

Cha tatu ndicho kilichonigusa. Kwenye WhatsApp mtu anaweza kukuonyesha mahali alipo, nukta ikawa inatembea jinsi anavyotembea, kwa dakika 15, saa moja au saa 8. Hii inahitaji mtandao, na katikati ya maji mtandao unaweza kupotea. Lakini walau utajua mahali pa mwisho walipoonekana, na watafutaji wataanzia hapo.

Usiku ule nilimpigia mdogo wangu, nikamwomba radhi. Naye akakiri kwamba alichukulia mambo kirahisi. Tukaweka utaratibu. Kabla ya kutoka, ananiandikia wanakokwenda, wako wangapi na watarudi saa ngapi. Simu moja haipigi picha. Inakaa imezimwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, imejaa chaji. Saa ya kurudi ikipita kwa nusu saa na simu hazipatikani, napiga kwa wifi, naye anakwenda mwaloni kutafuta msaada.

La muhimu kuliko yote, kila mtu anavaa jaketi okozi, mkubwa na mdogo, kuanzia ufukweni. Mwanangu alinieleza vizuri: programu inakuambia upepo unakuja, lakini ukitumbukia majini haikushikilii.

Kuna Jumamosi niliona rangi imekolea kwenye simu, nikampigia. Alinung'unika, kwa kuwa nyama ya kuchoma walishanunua, lakini akaahirisha. Kama ziwa lilichafuka siku ile sijui, na wala sikuuliza. Walichomea nyama uani.

Mume wangu hunitania kwamba Manyoni nzima inasubiri mvua, mimi peke yangu nasubiri mawimbi. Acha anitanie. Wewe mwenye ndugu Mwanza, Bukoba, Kigoma au Unguja anayependa kutembea na boti, usimkataze kwa hofu kama nilivyotaka mimi. Muulize anakwenda wapi na atarudi saa ngapi, halafu simu yako ikae na chaji. Anayebaki nchi kavu naye ana kazi yake katika safari ile.