Peckham: Hatari ya Mtaani na Hatari ya Ndani ya Nyumba

Ndugu wakisikia kwamba ninaishi Peckham, kusini mashariki mwa London, swali lao la kwanza ni kama siogopi kutoka nje usiku. Jina la mtaa huu limefika mbali kwa sababu ya visu. Wengi wanakumbuka habari za Damilola Taylor, mtoto wa miaka 10 aliyekuwa amehamia kutoka Nigeria miezi michache tu, akashambuliwa na kufariki kwenye ngazi za majengo ya North Peckham tarehe 27 Novemba 2000. Mzazi yeyote anayelea mtoto hapa analijua jina hilo.

Mimi ni muuguzi. Stashahada niliipata Tanga, shahada nikaisomea hapa London, na kwa miaka kadhaa sasa nahudumia watoto. Ninachokiona kazini ni kwamba wadogo wengi wanaoletwa wameumia nyumbani: jikoni, bafuni, kitandani, au sebuleni mbele ya televisheni, mama akiwa hatua tatu tu pembeni. Kwa hiyo leo nakutembeza Peckham ili uone mtaa wenyewe, na uone pia yale ambayo mtaa huu umewafundisha wakazi wake kuhusu usalama wa nyumba.

Rye Lane

Ukitoka kituo cha treni cha Peckham Rye unaangukia Rye Lane, barabara ambayo Mswahili hawezi kuipita mikono mitupu. Kuna mihogo, ndizi za kupika, viazi vikuu, bamia, samaki wakavu, na konokono hai ndani ya ndoo ambao Wanaijeria huwachagua kwa makini kama sisi tunavyochagua nazi. Wanaijeria ndio wengi, na ndiyo maana watu huita Peckham Lagos ndogo, lakini sembe nyeupe utaipata na mchele wa pilau utaupata.

Katikati ya maduka hayo yapo ya nywele na vipodozi. Hapo tusimame kidogo. Halmashauri ya Southwark, ambayo Peckham iko chini yake, imewapeleka mahakamani wenye maduka mara kadhaa kwa kuuza krimu za kujichubua zenye haidrokwinoni au zebaki. Sisi tunauita mkorogo, na tunadhani madhara yake ni ya anayejipaka peke yake. Sivyo. Zebaki hubaki kwenye taulo, kwenye mashuka na kwenye ngozi ya mama, na mtoto anayelaza shavu lake shingoni kwa mama hupata sehemu yake. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu. Kama kopo halina orodha ya viambato, au lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine, liache dukani.

Moto wa Lakanal

Mwisho wa Rye Lane upande wa kaskazini kuna uwanja na Maktaba ya Peckham, jengo la rangi ya shaba iliyochakaa lililosimama kama herufi L iliyopinduliwa. Mwaka 2000 lilipata tuzo ya Stirling, tuzo kubwa ya wasanifu majengo wa Uingereza. Kutoka hapo, ukifuata Peckham Road kuelekea Camberwell, kwa mwendo usiofika nusu saa utaliona ghorofa refu liitwalo Lakanal House.

Tarehe 3 Julai 2009, Ijumaa alasiri, televisheni yenye hitilafu ilishika moto kwenye nyumba moja ya ghorofa ya 9. Moto ulipanda kwa nje, ukipitia paneli zilizokuwa chini ya madirisha, nazo hazikuhimili. Wakazi waliopiga simu ya dharura waliambiwa wabaki ndani wasubiri. Watu sita walifariki ghorofa ya 11: wanawake watatu na watoto watatu, mmoja wao mchanga wa wiki tatu. Watano kati ya hao walikuwa wamejibanza pamoja bafuni. Mwaka 2017 halmashauri ya Southwark ilikiri makosa ya usalama wa moto, ikatozwa faini ya pauni 270,000 pamoja na gharama za kesi pauni 300,000. Miezi michache baadaye, tarehe 14 Juni 2017, Grenfell Tower iliungua magharibi mwa London na watu 72 wakapoteza maisha.

Wengi wetu tumekulia nyumba za chini, ambazo moto ukizuka unatoka mlangoni na kuita majirani. Hapa tunaishi juu, mlango ni mmoja na ngazi ni moja. Kwa hiyo siku ya kuhamia ghorofani, kabla hata ya kufungua masanduku, soma tangazo la moto lililobandikwa ukumbini na utembee na watoto kwenye ngazi mpaka chini. Mlango wa kuingilia ndani usiuwekee kigingi. Umetengenezwa kuzuia moto, nao hufanya kazi ukiwa umefungwa. Moto ukiwa nyumbani kwako, tokeni wote, fungeni mlango nyuma yenu, kisha piga 999. Moto ukiwa kwa jirani, fuata mpango wa jengo lenu. Lakini moshi au joto vikikufikia, toka.

Ongeza na hili la vijana wetu wanaosambaza vyakula kwa baiskeli za umeme. Kikosi cha Zimamoto cha London kimekuwa kikionya kwa miaka kadhaa kuhusu betri za baiskeli hizi, hasa zilizounganishwa mtaani au zinazochajiwa kwa chaja isiyo yake. Betri ya namna hiyo hulipuka ghafla na moto wake hujaza chumba kwa sekunde. Isichajiwe usiku watu wamelala, wala isikae ukumbini mbele ya mlango, maana ndiyo njia pekee ya kutokea.

Jiko halilali na watu

Kipupwe cha mwaka juzi mama yangu mdogo alikuja kututembelea. Amekulia Lushoto, baridi anaijua, lakini ya Februari ya London ilimshangaza. Siku ya pili aliona kidude cheupe ukutani karibu na boila, kinawaka taa ndogo ya kijani.

"Hiki nacho kinafanya nini, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba kinanusa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Boila ikiharibika huitoa, nayo haina harufu, haina rangi. Akacheka.

"Kumbe ni mambo ya jiko la mkaa! Sisi kule milimani hatukuwa na kidude. Bibi yako alikuwa na neno lake: jiko halilali na watu. Likiwaka, mlango wazi. Watu wakilala, jiko nje. Waliokaidi tuliwazika."

Sijasikia mkufunzi aliyelieleza somo hilo vizuri zaidi. Hewa inayoua watu Lushoto, Limuru au Goma usiku wa baridi, mkaa ukiwa chumbani na madirisha yamefungwa, ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye boila mbovu ya Peckham. Dalili zake hudanganya: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu. Mtu hudhani ni mafua au uchovu wa zamu za usiku. Ukiona nyote nyumbani mnaumwa kichwa kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, usimeze dawa ukalala. Fungua madirisha, zima kila kinachotumia gesi, toeni watoto nje, kisha piga 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi, ambayo ni bure. Aliyezidiwa au kuzimia, piga 999. Na jiko la kuchomea nyama la mkaa halirudi ndani hata kama mvua inanyesha, hata kama linaonekana limezimika.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2022, kila mwenye nyumba wa England anayepangisha anatakiwa aweke king'ora cha moshi kwenye kila ghorofa ya nyumba na king'ora cha kaboni monoksaidi kwenye chumba chenye boila au kifaa kingine cha kudumu kinachounguza kuni, makaa au gesi. Majiko ya kupikia ya gesi hayamo katika sharti hili la pili. Gesi lazima ikaguliwe kila mwaka na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, nawe upewe nakala ya cheti. Hiyo ni haki yako, wala hupewi kwa hisani.

Chai, uji na dawa ya meno

Nchini kwetu mtoto huungua kwa moto wa jikoni au sufuria ya maharage. Hapa adui mkubwa ni kikombe. Chai iliyomiminwa dakika 15 zilizopita bado inaweza kumbabua mtoto mchanga, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba. Usinywe chai umempakata. Waya wa birika la umeme usining'inie. Bafuni tangulia na maji baridi, kisha ongeza ya moto, upime kwa kiwiko.

Akiungua, mpeleke kwenye bomba la maji ya baridi yanayotiririka, ukae naye hapo dakika 20 kamili. Dakika 20 ni nyingi mtoto akilia, lakini ndizo zinazopunguza kina cha kidonda. Mvue nguo na bangili sehemu hiyo, isipokuwa kitambaa kilichoganda kwenye ngozi. Kisha funika kidonda kwa nailoni ile ya kufunikia chakula, bila kukizungushia kwa nguvu, na umpeleke hospitali. Dawa ya meno, asali, ute wa yai, unga wa ngano na mafuta ya taa vyote nimeviona vimepakwa kwa upendo mkubwa. Vyote huficha joto ndani, na sisi inatulazimu kuviosha mtoto akiwa na maumivu.

Usipoziba ufa

Kaskazini ya Peckham, kando ya Old Kent Road, kuna minara minne ya Ledbury Estate. Wakazi wake walikuwa wakilalamika kuhusu nyufa kwenye kuta, nyingine pana kiasi cha kupitisha vidole. Baada ya Grenfell walipaza sauti zaidi, wahandisi wakaja, na Agosti 2017 gesi ikakatwa kwenye minara yote kwa hofu kwamba mlipuko mmoja ungeweza kuiangusha. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni: mwaka 1968 jengo la Ronan Point, mashariki mwa London, liliporomoka upande mmoja baada ya mlipuko wa gesi na kuua watu wanne. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema. Pale Ledbury methali iligeuka habari ya kweli, na waliosalimisha watu ni wapangaji waliokataa kunyamaza.

Kunyamaza ndiko kunakotuponza sisi wageni. Tunaogopa kufukuzwa, tunaona haya ya Kiingereza chetu, tunasema Mungu atatulinda. Rochdale, kaskazini mwa nchi, Awaab Ishak, mtoto wa wazazi kutoka Sudan, alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka miwili kwa sababu ya ukungu uliojaa kuta za nyumba yao. Baba yake alilalamika wala hakusikilizwa. Leo ipo sheria yenye jina la mtoto huyo, iliyoanza tarehe 27 Oktoba 2025, inayozilazimisha taasisi za nyumba za kijamii kushughulikia ukungu na hatari nyingine kwa muda uliowekwa. Kwa hiyo lalamika kwa maandishi, piga picha, weka tarehe. Ukihitaji mkalimani, mwombe. Kikosi cha Zimamoto nacho kina dodoso mtandaoni la kukagua nyumba yako, na wakiona hatari ni kubwa huja wenyewe bila malipo.

Tunapenda kusema ajali haina kinga, lakini nyingi ninazopokea zilikuwa nayo, na kinga yenyewe haikuzidi bei ya kilo ya nyama. Usiku huu, watoto wakishalala, panda kwenye kiti ubonyeze kitufe cha king'ora cha moshi. Kikilia, vizuri. Kisipolia, kesho asubuhi nunua betri kabla ya mkate.