Sanamu Ndogo za Pango la Noeli

Wengi wametuuliza kwa nini pango la Noeli la kigango chetu, huku milimani Masisi, lina sanamu fupi kuliko kidole, tena si za udongo. Twaona lafaa kuandikwa, maana vigango vingine vya Masisi na vya Walikale vyapata shida ileile.

Hapo kwanza tulifinyanga kwa udongo. Udongo hauna bei, na watoto waupenda. Lakini usipochomwa hupasuka unapokauka, na hata uliochomwa huvunjika ukianguka. Asiyeijua nchi yetu atasema: basi msiuangushe! Nasi twakaa mahali ambapo watu wamekimbia mara nyingi, tangu mauaji ya 1993 yaliyoanzia soko la Ntoto huko Walikale, hata kutekwa kwa Masisi-Centre mwezi wa Januari 2025 na Walikale-Centre mwezi wa Machi. Mama mwenye mtoto mgongoni na godoro kichwani hawezi kubeba Yosefu wa udongo mwenye kimo cha mkono. Sanamu zilibaki, na waliorudi walikuta vigae.

Ndipo fundi mmoja wa bomba akatuonyesha mastiki ya epoksi, ile wanayozibia mabomba na matangi yanayovuja. Ni madonge mawili, na kila moja peke yake ni laini kama unga uliokandwa. Ukiyakanda pamoja, sawa kwa sawa, dawa zake hushikana, na baada ya muda yamekuwa kitu kimoja kigumu kama jiwe. Hayataki moto, hayapasuki yakikauka, wala maji hayayayeyushi.

Lakini si kila mastiki yafaa. Ile ya mafundi wa bomba, iliyo kama kijiti chenye kiini cha rangi moja na ganda la rangi nyingine, mara nyingi huganda kwa dakika chache tu. Kwa bomba ni vema. Kwa uso wa Bikira Maria ni taabu, maana pua haijakaa sawa na mkono umekwisha kukataliwa. Tafuteni ile ya polepole, inayowapa saa moja au zaidi. Kandeni mpaka rangi mbili ziwe moja kabisa. Mistari ikibaki, mahali pale hapagandi vizuri.

Sisi hupinda kwanza waya mwembamba uwe mifupa: kichwa, mikono, miguu. Juu yake twaweka mastiki kidogo, twaiacha igande. Kesho yake twaongeza nguo, kesho kutwa uso. Anayetaka kumaliza yote siku moja ataharibu mgongo kwa vidole vyake huku akitengeneza kifua. Vyombo vyetu ni sindano, mwiba na kijiti cha mwanzi, navyo twavilowesha maji ili visinate. Baridi ya milima hukawiza kuganda, basi twaweka sanamu karibu na joto la jiko, wala si juu yake. Ndugu wa Walikale, kwenye joto la msitu, wakande kidogo kidogo, kwani kwao huganda upesi.

Jambo moja twalisema kwa nguvu. Mastiki mbichi hudhuru ngozi. Mtu aweza kuishika mara nyingi bila neno, kisha siku moja mikono ikawasha na kuvimba, na tangu hapo asiiweze tena. Vaeni glavu. Watoto wasiiguse kabla haijaganda. Wao wapake rangi. Na mnapoisugua kwa msasa, loweni maji ili msivute vumbi.

Bei yake si ndogo, hilo twakiri. Ndiyo sababu nyingine ya kufanya sanamu fupi. Wengine walinung'unika kwamba udogo ni aibu kwa pango. Kwani jirani zetu Warega, kusini ya Walikale, hawakuchonga sanamu ndogo za pembe za kushikwa mkononi, zilizoheshimiwa sana katika chama chao cha Bwami? Na huko Ufaransa, makanisa yalipofungwa wakati wa mapinduzi, watu walitengeneza mapango majumbani mwao. Jean-Louis Lagnel wa Marseille, aliyefariki 1822, akafanya kalibu za plasta za kutolea sanamu ndogo za udongo, hata watu wa kawaida wakaweza kuzinunua.

Basi tumefanya hivi: kila jamaa hutunza sanamu moja mwaka mzima, imefungwa kitambaani pamoja na karatasi za ubatizo. Mkesha wa Noeli kila mmoja huleta yake. Kondoo wawili na mchungaji mmoja hawajafika bado. Jamaa zao walikimbilia upande wa Walikale. Watoto walitaka tufanye wengine badala yao. Wazee wakakataa, wakasema nafasi zao ziachwe kwenye majani.